Doa la Wino na Mashine Iliyolizaa

Noti yenye doa la wino huleta ubishi usioisha. Mwenye nayo anaapa kwamba ilitoka kiwandani hivyohivyo. Mnunuzi anashuku kalamu, rangi ya nguo au ujanja wa mtu mwenye njaa. Wote wawili huikodolea macho sura ya doa, na hapo ndipo wanapopotea. Kinachoamua ni mtambo ulioichapa noti: uliweza kukosea namna hiyo, au haukuweza?

Wachina ndio waliotangulia. Huko Sichuan, serikali ya nasaba ya Song ilianza kutoa noti mwaka 1024. Noti ya nasaba ya Ming ya mwaka 1375, kubwa kuliko karatasi ya A4, ilitengenezwa kwa magome ya mforosadi na kugongwa mihuri myekundu kwa mkono. Muhuri wa mkono huteleza. Wino hukolea upande mmoja, ukafifia mwingine. Kuliita hilo kosa la uchapaji ni kuwaonea makarani wa mfalme.

Ulaya ilichelewa. Stockholms Banco ya Johan Palmstruch ilitoa noti zake mwaka 1661, na Benki ya Uingereza, iliyoanzishwa 1694, ilianza kwa kuziandika noti zake kwa kalamu. Doa kwenye noti hizo ni la karani.

Makosa tunayoyabishania leo yalizaliwa na bamba la chuma. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mmarekani Jacob Perkins alionyesha jinsi ya kuchonga chuma laini, kukikaza kwa moto, kisha kunakili mchoro uleule kwenye mabamba mengi. Mchoro huchimbwa ndani ya bamba. Wino hupakwa bamba zima, halafu hufutwa ili ubaki kwenye mifereji tu, na karatasi hukandamizwa kwa nguvu mpaka iuzoe. Ndiyo maana noti mpya ina mparuzo ukiipapasa. Kwa miaka mingi kazi ya kufuta ilikuwa ya mikono: kitambaa kwanza, kisha kiganja kitupu kilichopakwa chaki. Baadaye zikaja rola zinazosafishwa kwa maji yenye dawa. Rola isipofuta vizuri, wino hubaki juu ya bamba na kuhamia kwenye karatasi. Hilo ndilo doa la kiwandani. Lina rangi ileile ya mchoro, hufuata mwelekeo mmoja, na mara nyingi hukatika ghafla ukingoni, kwa sababu lilikuwa likiendelea kwenye noti jirani kabla karatasi kubwa haijakatwa.

Kwetu upo mfano unaovuruga kanuni hii. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia ya meli kutoka Ujerumani, Wajerumani wa Afrika Mashariki walianza mwaka 1915 kuchapa noti za muda za rupia hapahapa nchini, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Kufikia 1917, majeshi yao yakiwa yanarudi nyuma porini, zilichapwa kwa herufi za kugonga kwa mkono. Mistari imepinda, wino umezidi huku na kufifia kule. Kwa noti hizi ningemshuku zaidi anayeniletea iliyo safi mno.

Penginepo, silaha kuu ya mchunguzi ni mfuatano wa kazi. Marekani huchapa mgongo wa noti kwanza, kisha uso, na baadaye ndipo huja muhuri wa Hazina na namba. Noti moja ya dola 20 ya toleo la 1996, iliyochapwa Fort Worth, Texas, ina kibandiko cha ndizi cha Del Monte. Kubandika kibandiko anaweza yeyote. Lakini hapa muhuri na namba vimepita juu ya kibandiko, na picha ya uso iko chini yake. Basi kilinasa kazi ikiwa katikati. Mwaka 2006 iliuzwa mnadani kwa dola 25,300, na mwaka 2021 kwa dola 396,000.

Doa hupimwa kwa mantiki hiyohiyo. Chukua kioo cha kukuzia, tafuta mahali linapokutana na namba. Namba ikiwa juu ya doa, kuna matumaini. Doa likiwa juu ya namba, karibu kila mara limekuja baadaye. Kisha geuza noti: wino wa bamba ni mzito, hukaa juu ya karatasi; wa kalamu huzama kwenye nyuzi na kutokeza upande wa pili.

Upo pia wino wa ulinzi, unaomwagika sanduku la fedha au mashine ya ATM inapovunjwa. Huo huingia kutoka ukingoni kuelekea katikati, na noti yake huenda ni mali ya wizi. Ipeleke benki, usiitafutie mnunuzi.

Nyingine yoyote utakayoipata, usiioshe, usiifute kwa spiriti, wala usiipige pasi. Iweke kwenye bahasha kavu, umpelekee anayejua kuisoma.