Kuhamia Linux: Mwongozo kwa anayeanza kutumia mfumo huria

KATIKA maeneo ya mashambani kama Siongiroi, Kaunti ya Bomet, kipakatalishi kimoja kikuukuu huweza kutegemewa na mwalimu, mwanafunzi na karani wa chama cha ushirika wa maziwa. Kwa watu hao, uamuzi wa kampuni ya Microsoft wa kusitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025 si jambo dogo. Mfumo usiopata marekebisho ya usalama huwa mlango wazi kwa wezi wa mtandaoni.

Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, hudai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na kichakataji cha miaka ya karibuni. Mashine nyingi za zamani hazitimizi masharti hayo. Hata hivyo, si lazima zitupwe, kwani zinaweza kuendeshwa na Linux, ambayo haitozwi ada ya leseni.

Chimbuko lake

Mwaka 1983, Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wenye lengo la kuunda mfumo ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuusambaza. Mwaka 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa Linux, ambayo ndiyo kiini kinachounganisha programu na maunzi ya tarakilishi.

Afrika nayo ilichangia. Mwaka 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, jina lenye asili moja na neno la Kiswahili "utu". Mwaka uo huo, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Leseni huria iliwaruhusu watafsiri kufanya kazi hiyo bila kumwomba yeyote idhini.

Kabla ya kuhama

Hasara kubwa katika kuhama haitokani na ugumu wa mfumo mpya. Hutokana na kufutwa kwa faili zisizokuwa na nakala. Akiba haiozi: nyaraka, picha na orodha za alama zinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje, kisha nakala hizo zifunguliwe katika mashine nyingine ili kuhakikisha kwamba zinasomeka. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake wa dharura uandikwe karatasini.

Linux ina matoleo mengi. Linux Mint, lililoanza mwaka 2006, humfaa anayetoka Windows kwa kuwa menyu yake inafanana na ile aliyoizoea. Linahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni bora, na nafasi ya gigabaiti 20 kwenye diski. Mashine dhaifu itafaa zaidi kuwekewa Mint ya aina ya Xfce, ambayo ni nyepesi.

Hatua za kufuata

Kwanza, faili ya Mint ipakuliwe kutoka tovuti yake rasmi. Ukubwa wake ni karibu gigabaiti 3, hivyo ni busara kutumia mahali penye intaneti ya kasi badala ya kumaliza bando za simu.

Pili, faili hiyo iandikwe kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Ifahamike kuwa kila kilichokuwemo kwenye flashi kitafutika.

Tatu, mashine izimwe, flashi ichomekwe, kisha mashine iwashwe huku kitufe cha kuchagua chanzo kikibonyezwa. Katika Dell na Lenovo nyingi kitufe hicho ni F12. Katika HP nyingi ni F9.

Nne, mfumo ujaribiwe ukiwa bado kwenye flashi, kwa maana diski ya mashine haiguswi katika hatua hii. Huu ndio wakati wa kupima Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Kisipofanya kazi kitu muhimu, flashi huchomolewa na Windows hurejea kama ilivyokuwa.

Tano, mtumiaji akiridhika, asakinishe. Anaweza kuiacha Windows kando ya Linux au kuifuta kabisa. Betri iwe imejaa na chaja iwe imechomekwa, kwani umeme ukipotea katikati ya kazi hiyo, mashine inaweza kushindwa kuwaka.

Mipaka yake

Linux haiendeshi Microsoft Office wala Photoshop za kusakinishwa. Badala yake kuna LibreOffice na GIMP. LibreOffice hufungua faili za Word na Excel, lakini majedwali yenye makro huenda yakakosa kufanya kazi sawasawa. Huduma za serikali kama eCitizen hutumika kupitia kivinjari cha Firefox.

Kwa sababu hiyo, anayetegemea programu moja mahususi ya kazini aijaribu kwanza au aiache Windows kando kwa muda. Yule ambaye kazi yake ni kuandika, kusoma barua pepe na kujaza fomu mtandaoni ana machache ya kupoteza, mradi nakala za faili zake ziko salama.