Kutoka Mafuta ya Nyonyo hadi Albumini: Historia ya Kibebaji cha Paklitakseli, 1962–2015

Historia ya dawa za saratani zitokanazo na mimea huandikwa kwa kawaida kama historia ya kiambato: mti ulipatikana, gome likachunwa, molekuli ikatengwa. Kibebaji, yaani kile kinachoifikisha molekuli hiyo katika damu ya mgonjwa, huachwa pembeni. Mkasa wa paklitakseli unadhihirisha upungufu wa mtazamo huo.

Mwaka 1962 mtaalamu wa mimea Arthur Barclay, mtumishi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alikusanya sampuli za mti wa Taxus brevifolia katika jimbo la Washington. Monroe Wall na Mansukh Wani wa North Carolina walitenga kiambato chake na kuchapisha muundo wake mwaka 1971. Mwaka 1979 Susan Horwitz na wenzake jijini New York walibainisha kwamba dawa hiyo huvigandisha vijimirija vya ndani ya seli hata seli ikashindwa kugawanyika. Hamu ya watafiti ikafufuka. Hata hivyo, paklitakseli haiyeyuki katika maji, na dawa isiyoyeyuka haiwezi kutiwa hivihivi katika mshipa.

Suluhisho lililopatikana nalo lilikuwa na asili ya mmea. Mafuta ya nyonyo yaliyobadilishwa kikemia ili yachangamane na maji, yaliyouzwa kwa jina la Cremophor EL, yalichanganywa na alkoholi na kuwa kiyeyushi cha dawa. Majaribio kwa binadamu yalipoanza miaka ya 1980, baadhi ya wagonjwa walipatwa na mzio mkali: pumzi kubana, shinikizo la damu kushuka, vipele mwilini. Lawama kubwa ilikiangukia kibebaji. Ilibidi wagonjwa watangulize steroidi na dawa za kuzuia mzio, na dripu icheleweshwe hadi saa 24. Hata mfuko wa dripu haukusalimika, kwa kuwa kiyeyushi hicho huchomoa vilainishi vilivyomo katika plastiki ya PVC. Chupa za kioo au plastiki ya aina nyingine zikawa za lazima. Dawa iliidhinishwa nchini Marekani Desemba 1992 kwa saratani ya ovari, ikiwa imebeba mizigo hiyo yote. Dhana kwamba kitokacho kwenye mmea ni salama kwa asili yake, ambayo bado hujitokeza katika maandishi kuhusu vibebaji vya nano, ilistahili kuishia hapo.

Njia ya pili haikutafutwa msituni bali katika damu yenyewe. Albumini ni bayopolima ambayo mwili huitumia kusafirisha vitu visivyopatana na maji. Paklitakseli na albumini ya binadamu zikisukumwa kwa shinikizo kubwa, hutoa chembe za wastani wa nanomita 130, ndogo mno kuliko chembe nyekundu ya damu yenye upana wa takriban nanomita 7,000. Dawa hiyo, Abraxane, iliidhinishwa Marekani Januari 2005 kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Dripu yake huchukua dakika 30, na steroidi za kutangulia hazikuhitajika tena kama kawaida.

Jaribio lililoipa nguvu lilihusisha wagonjwa 454: uvimbe ulipungua kwa asilimia 33 ya waliopewa chembe za albumini, dhidi ya asilimia 19 ya waliopewa dawa ya zamani. Tarakimu hizi hunukuliwa mara nyingi bila kutajwa kwamba dozi hazikulingana. Kundi la kwanza lilipata miligramu 260 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, la pili 175. Kibebaji kiliruhusu dozi kubwa zaidi, na hilo ni jambo la maana. Lakini si sawa na kusema kwamba kibebaji kiliielekeza dawa kwenye uvimbe. Ganzi kali ya mikono na miguu iliwapata asilimia 10 ya kundi la albumini, dhidi ya asilimia 2.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio lingine la Marekani, lenye wagonjwa 799 wa saratani ya matiti, ambamo dawa zote mbili zilitolewa kila wiki. Chembe za albumini hazikuishinda paklitakseli ya kawaida, na madhara yake kwa neva na damu yalikuwa makubwa zaidi.