Hasira za Wamawia

Nilipokuwa mtoto Mtwara, mtu akipandwa na hasira kwa jambo dogo aliambiwa, "Acha Umawia wako." Tulicheka sote, na hakuna aliyeuliza neno hilo limetoka wapi.

Mmawia, au Mmavia, ni jina ambalo Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma walipewa na majirani zao. Wengi hulifasiri kuwa ni mtu mkali, mwepesi wa hasira. Wenyewe walijiita Wamakonde, kama ndugu zao wa Newala.

Siku moja, nikiwa darasa la tano, nilitumwa kuchukua mchi kwa mzee mmoja mchongaji, jirani yetu, aliyevuka mto zamani. Mchi haukuwa tayari. Kwa uvivu wa kungoja, nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwa sauti kubwa, "Yule Mmawia kanifukuza." Ulikuwa uongo mtupu. Kumbe mzee alikuwa nyuma yangu, ameuleta mchi mwenyewe. Aliusimamisha ukutani, akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, mimi sikukasirika. Lakini mkiniita hivyo kila siku, nitajifunza." Akaenda zake. Mama hakunipiga, alinitazama tu, nami sikuweza kula.

Baadaye, nilipoanza kusoma historia, nilimkumbuka mzee yule. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilishuka kutoka bara hadi bandari za pwani hii, Mikindani zikiwamo. Wamakonde wa kusini walijificha juu ya uwanda wa Mueda, ndani ya vichaka vizito, mbali na maji. Wanawake waliteremka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha kwa taabu. Mgeni aliyekaribia bila kuitwa alipokewa kwa mashaka. Ajabu gani hiyo, kwa watu waliokuwa wakiwindwa? Henry O'Neill, konsuli wa Uingereza nchini Msumbiji, alisafiri kwenda nchi yao mwaka 1882. Naye Karl Weule, Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliliandika jina la Wamavia katika kitabu chake. Hivyo jina walilopewa na majirani likaingia vitabuni.

Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno waliufanya mto Ruvuma kuwa mpaka. Upande wa kusini, Kampuni ya Nyassa ilipewa mamlaka kuanzia mwaka 1891 hadi 1929, ikatoza kodi ya vibanda na kuwashurutisha watu kazi. Wengi walivuka kuja huku, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge. Walikuja na chanjo zao usoni na ufundi wao wa kuchonga, nasi tuliwapokea kwa lile jina.

Tarehe 16 Juni 1960, watu walikusanyika Mueda mbele ya ofisi ya serikali ya Kireno kudai haki zao, wakapigwa risasi. Tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi vilianza Chai, katika nchi hiyo hiyo ya Wamakonde, na Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Hapo tukawaita mashujaa. Najiuliza: hasira ile iliyosifiwa mwaka 1964 ilikuwa tofauti na ile tuliyoicheka mitaani? Au ilikuwa moja, ila safari hii ilitufaa na sisi?

Sisemi kwamba hakuna watu wenye hasira. Wapo katika kila kabila, na kwetu nyumbani hawakukosekana. Ninalosema ni kwamba tulichukua woga wa watu waliokimbia minyororo, tukauita tabia yao.

Mzee yule alifariki nikiwa shule ya sekondari, mbali na nyumbani, kabla sijamwomba radhi. Mchi wake mama aliutumia miaka mingi. Kila nilipousikia ukitwanga asubuhi, nilikumbuka kwamba aliuleta mwenyewe, kwa miguu yake, hadi mlangoni petu.