Watia Rangi wa Vitambaa wa London

Neno la Kiingereza *stain*, ambalo leo humaanisha hasa doa au aibu, lilienea mwishoni mwa karne ya 14 likiwa ufupisho wa *distain*, kitenzi kilichotokana na Kifaransa cha kale na chenye asili katika *tingere* ya Kilatini, yaani kuchovya au kutia rangi, na inaelekea liliathiriwa pia na *steina*, kitenzi cha Kinorse, lugha ya kale ya Skandinavia, chenye maana ya kupaka rangi.

Lawama iliyomo katika neno hilo isifiche ukweli kwamba katika London ya zama hizo kutia rangi kulikuwa ufundi wenye heshima, uliokuwa na chama chake, yaani jumuiya ya mafundi iliyosimamia kazi na mafunzo ya vijana. Wapaka rangi, waliokuwa na chama chao wenyewe, walishughulikia mbao, mawe na metali. Watia rangi walifanya kazi kwenye kitambaa, wakitumia rangi nyepesi iliyopenya ndani ya nyuzi. Ufundi huu wa pili unastahili kuthaminiwa kuliko ulivyothaminiwa, kwa kuwa ulizipatia picha za ukutani hata nyumba ambazo wenyewe hawakumudu mapazia ya thamani yaliyofumwa kwa sufu na hariri.

Vyama hivyo viwili viliungana mwaka 1502, na mwaka 1581 Malkia Elizabeth I akaupa muungano huo hati ya kifalme. Vitambaa vyenyewe vimesalia vichache mno, maana kitani huoza na rangi nyepesi hufifia upesi.