Nipo

Tukikutana njiani huulizana, "Upo?" Nasi hujibu, "Nipo," tukapita zetu. Edith Stein, mwanafalsafa Mjerumani wa ukoo wa Kiyahudi, aliliandikia neno hilo dogo kitabu kizima.

Alizaliwa Breslau mwaka 1891, akawa msaidizi wa Edmund Husserl huko Freiburg, akabatizwa katika Kanisa Katoliki tarehe 1 Januari 1922. Mwaka 1933 utawala wa Wanazi ulimfungia mlango wa kufundisha, akaingia utawa wa Wakarmeli mjini Köln. Wakuu wake hawakumnyang'anya kalamu, bali walimtaka autengeneze mswada wake wa zamani. Alipoumaliza mwaka 1936 ulikuwa kitabu kipya: Endliches und ewiges Sein, yaani kuwapo kwenye kikomo na kuwapo kwa milele.

Anaanzia pale tunapoanzia sote. Najua kwamba nipo. Hilo siwezi kulikana. Lakini jana yangu imepita, kesho haijafika, na hii sasa ninayoisimamia ni nyembamba mno. Sikujipa kuwapo, wala siwezi kujishikilia hata dakika moja. Nani basi ananishika?

Martin Heidegger, aliyemrithi Husserl pale Freiburg, alikuwa ameandika juu ya hofu inayomfunulia mtu kwamba atakoma. Stein alimjibu kwa kiambatisho kirefu, na ndani ya kitabu chenyewe akasema kwamba hofu hiyo ipo, ila siyo hali yetu ya kila siku. Kwa kawaida tunaishi tumetulia, kama mtoto aliyebebwa na mkono wenye nguvu. Tungemwona mtoto mwenye akili, anauliza, kama angeogopa daima kwamba mama atamwangusha?

Tukiri kwamba tulipousoma mfano huo mara ya kwanza tuliuona mwepesi. Ni maneno ya mtu aliyeshiba, tulidhani. Kisha tukatazama tarehe.

Kitabu kilifika kwa mchapaji, lakini mwandishi Myahudi hakuruhusiwa tena kuchapishwa Ujerumani. Alipopendekezewa kitoke kwa jina la mtawa mwenzake, alikataa. Tarehe 31 Desemba 1938 alihamia Echt, Uholanzi. Tarehe 2 Agosti 1942, wiki moja baada ya maaskofu wa huko kupinga hadharani kuhamishwa kwa Wayahudi, alikamatwa pamoja na dada yake Rosa. Waliuawa Auschwitz tarehe 9.

Kitabu kilitoka mwaka 1950, kikiwa na jina lake.