Mashabiki wa Sayari za Mbali

Julai 2, 1939, watu wapatao 200 walikusanyika katika ukumbi wa Caravan, New York. Hawakuwa wanasayansi. Wengi walikuwa vijana waliofahamiana kwa barua, wasomaji wa majarida ya bei nafuu yaliyojaa roketi na sayari za mbali. Kwa siku tatu walihutubiana, wakabishana, wakatazama filamu ya Metropolis na kunadi michoro ya majarida waliyoyapenda. Mgeni wa heshima alikuwa mchoraji, Frank R. Paul.

Shabiki mmoja, Forrest Ackerman, alitokea na joho la kijani, kama mtu wa karne zijazo. Aliyelishona ni Myrtle Douglas, ambaye naye alikuja na vazi lake. Siku hizi mashabiki duniani kote huvaa kama wahusika wawapendao, na jina la mama huyu linastahili kutajwa kuliko linavyotajwa.

Ugomvi haukukosekana. Waandaaji, wakiongozwa na Sam Moskowitz, waliwazuia mlangoni vijana sita wa kundi pinzani, akiwamo Frederik Pohl, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri.

Mkutano huo ndio Worldcon, mkutano wa dunia wa mashabiki wa hadithi za kisayansi. Vita viliusimamisha kuanzia 1942 hadi 1945. Tuzo zake za Hugo zilianza 1953, London ikawa mwenyeji 1957, Yokohama 2007, Chengdu 2023. Hadi ule wa Seattle, mwaka 2025, ulikuwa haujakanyaga Afrika.

Nguvu ya Worldcon iko kwa wasomaji wenyewe. Hauendeshwi na kampuni. Kazi hufanywa na watu wanaojitolea. Anayelipa ada ya uanachama hupata haki ya kupigia kura tuzo, na wanachama hao hao ndio wanaochagua mji wa mkutano wa baadaye. Utaratibu kama huo wa kura za wanachama unatumiwa na African Speculative Fiction Society, chama kilichozaliwa 2016, katika tuzo zake za Nommo.

Afrika Mashariki nayo ina cha kuzungumza katika mkutano kama huo. Katama Mkangi wa pwani ya Kenya alichapisha riwaya ya Walenisi mwaka 1995: Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani na kufikia jamii yenye haki kuliko aliyoiacha. Ni Kiswahili kitupu, na ndani yake mna mengi ya kubishaniwa siku nzima. Wanuri Kahiu naye alitoa Pumzi mwaka 2009, filamu fupi kuhusu watu wanaoishi chini ya ulinzi mkali baada ya vita vya maji. Nairobi tayari ina Naiccon, mkutano wa wapenzi wa katuni, michezo ya kompyuta na mavazi ya wahusika.

Na Dar es Salaam? Kutoka Magogoni hadi Kariakoo, mapenzi ya hadithi za ajabu si mageni. Katika vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video, wasimuliaji kama Lufufu waliigeuza filamu ya kigeni kuwa ya Kiswahili, wakieleza, wakiongeza chumvi, na sauti zao zikauzwa madukani ndani ya kanda na diski. Watazamaji walimfuata msimuliaji kama walivyomfuata nyota wa filamu.

Ukumbi wa Arnautoglo, pale Mnazi Mmoja, umepokea mikutano tangu miaka ya 1950. Mashabiki wa jiji hili wakiamua kuukodi kwa siku moja tu, kipindi cha kwanza kinaweza kuwa Pumzi ikisimuliwa papo hapo kwa Kiswahili, na mchana ukabaki kwa mjadala wa Walenisi ya Mkangi.