Kijana Asomaye Nyumbani: Tumchagulie Mtaala Gani?



Wapendwa waamini, kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotangazwa, ofisi ya parokia yetu hapa Manyoni hupokea wageni wa namna moja. Hawaji kuandikisha ubatizo wala kuleta nia za Misa. Ni wazazi, na nyuma yao amesimama kijana aliyenyamaza. Mara hii alikuja mama mmoja na binti yake, aliyeacha masomo akiwa kidato cha tatu baada ya kupata mtoto. Mama alibeba kiroba cha vitabu alivyovikusanya kwa jamaa na majirani, akavipanga mezani kimoja kimoja, akauliza: "Baba, katika hivi, asome vipi?"

Tulivitazama. Kimoja kilifuata muhtasari wa zamani, viwili vilitungwa baada ya mabadiliko ya mwaka 2005, na kingine kiliandikwa kwa ajili ya mitihani ya Kenya. Hatukuwa na jibu la haraka. Tukaona vema, katika tafakari ya juma hili, turudi nyuma kidogo katika historia ya nchi yetu, maana swali la mama huyu limekwisha kuulizwa na wengi kabla yake, na majibu yaliyopatikana yana la kutufundisha.

Tuanze kwa kuondoa shaka. Hatuandiki haya ili mzazi amtoe mtoto shuleni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimfunga mzazi kumwandikisha mtoto shule ya msingi na kuhakikisha anahudhuria. Na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, inaelekeza elimu ya lazima ya miaka kumi. Penye nafasi shuleni, shule ndiyo njia. Tunamwandikia mzazi ambaye mtoto wake wa umri wa sekondari, kwa sababu ya uzazi, ugonjwa, umaskini au kushindwa mtihani, anasoma akiwa nyumbani au hasomi kabisa.

Kwa Kanisa, nyumba kuwa mahali pa kufundishia si jambo geni. Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo, anaikumbuka imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Papa Pius XI, katika waraka wake wa mwaka 1929 juu ya malezi ya Kikristo ya vijana, alitetea haki ya wazazi ya kuwalea watoto wao. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu. Miaka michache baadaye mafundisho hayo yalipata jaribio hapa kwetu. Sheria ya mwaka 1969 iliziweka chini ya Serikali shule nyingi zilizokuwa za madhehebu, na Kanisa likabaki hasa na seminari zake. Maparoko wa siku zile walilazimika kujiuliza: mtoto akiwa si mwanafunzi wetu tena, wajibu wetu kwake umekwisha? Haukuwa umekwisha. Ulibaki nyumbani na kigangoni.

Nako nyumbani vijana walikuwa wengi. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, kiasi kwamba katika miaka ya 1980 walioingia kidato cha kwanza walikuwa chini ya mmoja kati ya kila kumi waliomaliza darasa la saba. Tisa waliosalia hawakuwa wajinga. Walikuwa wamekosa dawati.

Kwa ajili ya watu wa namna hiyo Taifa lilikuwa limekwisha kuanza kufungua mlango mwingine. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960 kama tawi la Chuo cha Makerere mjini Dar es Salaam na kupewa sheria yake yenyewe mwaka 1975, ilianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 elimu kwa njia ya posta. Mwanafunzi alitumiwa masomo yaliyochapwa, akayasoma peke yake, akajibu mazoezi, akayarudisha kwa bahasha ili yasahihishwe. Wakati huohuo nchi ilijitoa katika mitihani ya sekondari iliyotoka nje, na mwaka 1973 likaundwa kwa sheria Baraza la Mitihani la Tanzania. Tangu hapo aliyesoma nje ya shule ameweza kuketi kama mtahiniwa wa kujitegemea, katika kituo ambacho namba yake huanza na herufi P, mahali pa S ya mashule.

Kwa hiyo vitabu vilikuwapo, mtihani ulikuwapo, na cheti kilikuwapo. Hata hivyo wengi walioanza elimu ya posta hawakuimaliza. Kwa nini? Tumfikirie kijana wa Kilimatinde au Itigi anayerudi jioni kutoka shambani au machungani, anawasha kibatari, anafungua somo la Hisabati lililoandikwa kwa Kiingereza, na anakwama ukurasa wa pili. Bahasha yenye maelezo itamfikia baada ya majuma kadhaa. Siku ya tatu hafungui tena kitabu. Uvivu si neno la haki kwake. Alikwama, na hapakuwa na mtu wa kumkwamua.

Tuilinganishe hali hiyo na mambo mawili mengine ya miaka ileile. Mwaka 1973 iliendeshwa kwa redio kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Walishiriki takriban watu milioni mbili, wengi wao wakiwa wamejifunza kusoma siku za karibuni au hawajui kabisa. Chombo kilikuwa redio na kijitabu. Lakini hakuna aliyeachwa asikilize peke yake. Watu walikaa katika vikundi, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Baada ya kipindi walijadili, wakaamua, wakaenda kuchimba choo.

La pili ni la walimu wa UPE. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka watoto wote waingie shule ya msingi mapema, ilionekana kwamba vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha. Hapo zaidi ya vijana 45,000, wengi wao wa darasa la saba, waliandikishwa kujifunza ualimu wakiwa vijijini mwao, kwa masomo ya posta na ya redio, huku wakifundisha. Watu waliwacheka, na ni kweli kwamba elimu yao ilikuwa na mapungufu. Lakini wengi wao walimaliza na kufuzu. Masomo yao nayo yalikuja kwa bahasha kama ya wale wengine; tofauti ilikuwa kwamba kila mmoja alikuwa na mratibu wa elimu aliyemfikia, akakaa naye, akamsahihisha uso kwa uso. Naye alikuwa na wenzake wa kusoma nao, na kazi iliyompa sababu ya kusoma.

Hili, ndugu zetu, ndilo somo tunaloliona katika historia hiyo: mtaala mzuri usio na mwenzi wa kusoma naye hufia mikononi mwa mtoto. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Twende sasa kwenye siku zetu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta shule za kata, na mwaka 2016 ada ikaondolewa katika sekondari za Serikali hadi kidato cha nne. Dawati si adimu kama zamani. Lakini kwa miaka mingi binti aliyepata mimba alifukuzwa, na mlango huo ulifunguliwa rasmi mwezi Novemba 2021 tu, Serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurudi. Mama aliyetujia na kiroba hakujua hilo. Jambo la kwanza tulilomwambia ni kwamba binti yake ana haki ya kurudi darasani. Binti mwenyewe alijibu kwamba mtoto bado ananyonya na bibi hana nguvu. Basi tukaitazama njia ya pili.

Njia hiyo ina hatua mbili. Katika utaratibu wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, hatua ya kwanza hukusanya masomo ya kidato cha kwanza na cha pili, na hatua ya pili yale ya cha tatu na cha nne. Kila hatua huchukua takriban mwaka mmoja. Mwishoni mwa hatua ya kwanza upo Mtihani wa Maarifa, ambao wengi huuita QT. Aliyekwisha kufaulu upimaji wa kidato cha pili shuleni, kama binti yetu, haurudii. Anajiandaa moja kwa moja kwa mtihani wa kidato cha nne.

Mzazi anayechagua azingatie mambo manne.

Kwanza, atangulize mtihani, kisha vitabu. Mitaala yetu huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1975, nayo hubadilika. Ule wa mwaka 2005 ulianza kudai umahiri badala ya kukariri, na mitaala mipya ilianza kutumika kwa awamu mwaka 2024. Kitabu kizuri cha mtaala uliokwisha pita kinaweza kumpoteza mtoto. Ulizeni kituoni: mwaka atakapoketi, atatahiniwa kwa muhtasari upi? Vitabu vya kiada vya Taasisi hiyo vinasomeka pia katika maktaba yake ya mtandao, kwa mwenye simu au kwa atakayeazima.

Pili, masomo yachaguliwe kwa kumtazama mtoto. Sekondari yetu hufundishwa kwa Kiingereza, na anayesoma nyumbani hukwamia hapo kabla ya kukwamia Hisabati. Apewe miezi ya kwanza ya kujenga lugha. Masomo ya sayansi yana kazi za vitendo. Anayeyachagua atafutiwe mapema mahali penye maabara.

Tatu, mkondo wa amali usidharauliwe. Mitaala mipya imeweka mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, alilalamikia shule inayomfundisha mtoto wa mkulima kuudharau ukulima. Katika wilaya yenye alizeti, korosho, asali na mifugo, kijana anayejua hesabu za mashine ya kukamua mafuta amesoma.

Nne, tahadhari na mitaala ya nje. Huko Marekani mamilioni ya watoto husomeshwa na wazazi wao. Jambo hilo lilikubalika kisheria katika majimbo yote kufikia mwaka 1993, na mzazi wa huko huweza kununua mtaala mzima ukiwa ndani ya sanduku. Baadhi yake ni mizuri, na imeandikwa na Wakristo wenzetu. Lakini cheti cha nje kinahitaji kupatiwa ulinganifu na Baraza la Mitihani, na sanduku hilo limetungwa kwa ajili ya mama anayeshinda nyumbani akisoma Kiingereza pamoja na mwanawe. Mama wa Manyoni yupo shambani.

Hapo tunarudi kwenye somo letu, na hapa tunapaswa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa kigango alitujia na swali hilohilo. Tulimpatia vitabu vipya, sahihi, vya mtaala uliokuwa ukitumika. Tulimbariki. Hatukumwuliza tena. Tulipokutana naye baada ya mwaka mmoja vitabu vilikuwa vingali safi, naye alikuwa akiona aibu kutusalimu. Tulimpa kila kitu isipokuwa mtu.

Kwa binti huyu hatukutaka kurudia. Tulitenga vitabu vitatu kati ya vile vya kirobani, tukaviweka kando vingine, kisha tukamwuliza mama: katika Jumuiya yenu Ndogo Ndogo, nani amemaliza kidato cha nne? Akataja watu wawili, mmoja akiwa mwalimu mstaafu anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwake. Hakuwahi kufikiri kumwomba. Tulikwenda pamoja jioni ileile. Mwalimu alivaa miwani yake, akafungua kitabu cha Kiingereza, akamwambia binti asome kwa sauti. Wamekubaliana jioni tatu kwa juma, naye bibi atamshika mtoto kwa saa moja na nusu tu. Kama atafaulu, hatujui. Mtihani bado uko mbali.

Tunaziomba Jumuiya zote za parokia, katika mkutano wa juma hili baada ya kusoma Injili, ziulize swali moja: kati ya nyumba zetu, yuko wapi kijana aliyeachana na kitabu, na nani kati yetu anaweza kuketi naye? Majina yaletwe kwa katekista. Ukumbi wa parokia una taa, na kuanzia Jumatatu utakuwa wazi hadi saa tatu usiku.

Mungu Mwenyezi, aliyemkabidhi Mwanawe kwa malezi ya nyumba ya Nazareti, awabariki ninyi wazazi na watoto wenu: kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.